Milima Miwili ya Tanganyika Iliyobaki Nairobi

Mtu wa Songea akitaka kupanda treni, safari yake huanza kwa basi. Anapita Njombe, anashuka Makambako baada ya kilomita zipatazo 300, na hapo ndipo anapoikuta reli ya TAZARA. Mkoa wa Ruvuma haujawahi kuwa na reli. Mipango imechorwa tangu enzi za Mjerumani, lakini hakuna taruma lililofika Tunduru, Namtumbo wala Mbinga. Ndiyo maana historia ya reli kwetu imekuwa historia ya watu waliotoka hapa kwenda kuikuta kwingine.

Na sehemu kubwa ya historia hiyo haimo hata ndani ya mipaka ya nchi yetu. Imewekwa Nairobi, kwenye Makumbusho ya Reli, hatua chache kutoka stesheni kuu ya zamani. Humo vimesimama vichwa viwili vya treni vya mvuke, vikubwa kuliko vyote vilivyowahi kutembea juu ya reli za upana wa mita moja popote duniani. Kimoja kinaitwa Mount Gelai, namba 5918. Cha pili kinaitwa Mount Shengena, namba 5930. Gelai ni mlima wa kwetu, uko kusini mashariki mwa Ziwa Natron. Shengena ni kilele cha Upare Kusini, juu ya msitu wa Chome. Vichwa vya aina hiyo vilikuwa 34, vyote vikiwa na majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mount Kenya hakipo tena. Mount Kilimanjaro hakipo, Mount Meru hakipo, Ruwenzori hakipo. Vyote vilikatwa vikawa chuma chakavu. Iliyosalia ni milima miwili ya Tanganyika, ambayo hata Watanzania wengi hawawezi kuionyesha kwenye ramani. Katika makumbusho hayohayo kipo pia kichwa namba 3020, Nyaturu, kilichopewa jina la watu wa Singida.

Nataka kueleza jinsi mali hii ilivyofika pale, na jinsi inavyotunzwa, kwa sababu naamini mkoa usio na reli una haki ya kuidai historia hii na una kazi ya kuifanya.

Tuanze na makaa ya mawe. Katika miaka ya 1890 mjiolojia wa Kijerumani, Wilhelm Bornhardt, alizunguka kusini mwa koloni na kuandika kuhusu makaa ya mawe yaliyokuwa karibu na Ziwa Nyasa. Likazuka wazo la reli ya kusini, kutoka Kilwa hadi ziwani. Wakati wazo hilo likijadiliwa Berlin, huku kulikuwa kunawaka moto wa aina nyingine. Vita vya Majimaji vilianza mwaka 1905, na tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa hapa Songea. Makaburi yao ndiyo moyo wa Makumbusho ya Majimaji tuliyo nayo leo. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi, na nchi ya kusini ikabaki tupu mahali pengi. Fedha za reli zikaelekezwa katikati. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Ile ya kusini ikabaki kwenye makaratasi, na kwa miaka mingi baadaye vichwa vya Reli ya Kati vikachoma kuni za miombo huku makaa ya Ruhuhu na Ngaka yakilala ardhini bila kuguswa.

Mvuke wenyewe, hata hivyo, uliwahi kufika Ruvuma. Ulifika kwa maji. Pale Liuli, ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa ajili ya mwamba wenye umbo la sanamu ya Misri, ndipo ilipokuwa bandari ya meli yao ya mvuke, Hermann von Wissmann. Mwezi Agosti 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen, ikiongozwa na Rhoades, ilivuka ziwa na kuipiga mizinga Wissmann ikiwa imevutwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wake Mjerumani, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades na hakuwa amepata habari kwamba vita vimetangazwa. Alikwenda kwa mashua, kwa hasira, kumuuliza mwenzake kama amelewa. Mengi yameandikwa kuhusu kioja hicho. Jambo ninalolitazama mimi ni lile la meli kuwa nchi kavu. Mtambo wa mvuke hauachwi majini au relini mwaka mzima. Kila baada ya muda lazima uvutwe pembeni, ufunguliwe, uoshwe na kukaguliwa. Mwaka 1914, kwenye ufukwe wa Ruvuma, kulikuwa na watu wanaoifanya kazi hiyo.

Vita hivyo, yaani Vita Kuu ya Kwanza, vilipofika kwenye Reli ya Kati mwaka 1916, Wajerumani walirudi nyuma wakivunja madaraja na kuharibu vichwa vya treni ili adui asivitumie. Majeshi ya Afrika Kusini yalipofika yalikuta reli ipo lakini hakuna cha kuvuta. Wakachukua malori aina ya Reo, wakayafunga magurudumu ya reli, wakayatumia kusafirisha chakula na risasi huku madaraja yakitengenezwa. Baada ya vita Waingereza walirithi reli, na mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa chini ya shirika moja la reli na bandari la Afrika Mashariki, makao makuu yake yakiwa Nairobi. Mpangilio huo wa ofisi ndio ulioamua mambo mengi yaliyofuata.

Watu wa Songea waliingia katika historia hii wakiwa manamba. Wangoni, Wandendeule na Wamatengo walikwenda kwa maelfu kukata mkonge wa Tanga na Morogoro, wengi kwa mkataba, wakisafirishwa kwa miguu, malori, meli na mwisho kwa treni. Ndani ya mashamba yenyewe kulikuwa na reli nyembamba za kubebea majani ya mkonge kutoka shambani hadi kwenye mashine za kukamua. Kijana aliyetoka Peramiho au Mgazini, ambaye hakuwahi kuona reli kwao, alijifunza kule kulaza reli za muda, kusukuma vigari, kunyanyua kilichotoka njiani na kukirudisha. Kazi hizo hazimo katika vitabu vya historia ya reli. Vitabu vimejaa majina ya wahandisi na magavana.

Kisha likaja shamba la karanga. Serikali ya Uingereza, ikitafuta mafuta ya kupikia baada ya Vita Kuu ya Pili, iliamua mwaka 1946 kulima karanga Tanganyika kwa matrekta: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea ikajengwa bandari mpya Mtwara, na reli ya upana wa mita moja ikaanzia kwenye gati ndogo ya Mkwaya karibu na Lindi. Mpango wa karanga uliachwa mwaka 1951, reli ikiwa bado haijamaliza kujengwa. Iliendelea hata hivyo, ikaungana na bandari ya Mtwara na kupeleka tawi Masasi. Masasi kwenda Songea kwa barabara ni zaidi ya kilomita 400. Hapo ndipo reli ilipotukaribia kwa upande wa mashariki kuliko wakati mwingine wowote. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa kukosa mzigo, ilifungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Ukipita leo maeneo hayo bado unaweza kuona tuta, limeota majani, likienda moja kwa moja bila kufuata njia za vijiji.

Wakati Reli ya Kusini inahangaika, kaskazini kulikuwa na shida iliyo kinyume chake. Mizigo ilikuwa mingi kuliko uwezo wa treni. Reli ya Mombasa hadi Nairobi hupanda kutoka usawa wa bahari mpaka zaidi ya mita 1,600 ndani ya kilomita 530, na bandari ya Mombasa ilikuwa imejaa. Shirika likaagiza vichwa 34 kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock kilichokuwa Gorton, Manchester. Vilitoka kiwandani mwaka 1955 na 1956, vikapewa daraja la 59.

Muundo wake unaitwa Garratt, kwa jina la mhandisi Mwingereza Herbert William Garratt aliyeusajili mwaka 1907. Katika kichwa cha kawaida, boila hukaa juu ya magurudumu, kwa hiyo haiwezi kunenepa sana bila kichwa kuwa kirefu kupita kiasi au kuelemea upande. Garratt aliiondoa boila juu ya magurudumu akaining'iniza katikati, kwenye fremu iliyolala juu ya mitambo miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, kila mmoja ukiwa na silinda na magurudumu yake na wenye uwezo wa kugeuka peke yake. Tangi la maji likawekwa mbele, la mafuta nyuma. Kwa kuwa chini ya boila hapakuwa na kitu, tanuri liliweza kuwa pana na lenye kina. Kwa daraja la 59 boila ilikuwa na kipenyo cha futi 7 na nusu, zaidi ya mara mbili ya upana wa reli iliyokuwa chini yake. Kichwa kizima kilikuwa na magurudumu 28, uzito wa tani 252, na kiliweza kupandisha mzigo wa tani 1,200 kutoka Mombasa. Kilijengwa pia kwa namna ambayo magurudumu yake yangeweza kubadilishwa yatembee kwenye reli ya upana wa milimita 1,067, kwa kuwa wapangaji walitegemea siku moja reli za Afrika Mashariki zingeungana na zile za kusini mwa Afrika. Muungano huo ulipokuja mwaka 1975 kwa jina la TAZARA, uliletwa na Wachina, ukitumia dizeli, ukipita Makambako.

Vichwa hivi vilikuwa na desturi moja ninayoipenda kuliko takwimu zote. Kichwa kilikabidhiwa madereva wake. Kundi moja likiendesha, la pili lilipumzika katika behewa la kulala lililofungwa nyuma yake, wakabadilishana njiani. Kwa kuwa kichwa kilikuwa chao, walikitunza kama nyumba. Mount Gelai kilijulikana reli nzima kwa dereva wake Kalasinga, aliyeng'arisha kila bomba la shaba na kupamba chumba cha dereva kwa mapambo yake mwenyewe. Vichwa vilivyokosa mtu wa namna hiyo vilichakaa haraka zaidi. Sidhani ni bahati tu kwamba Gelai ndicho kilichobaki.

Dizeli ilikuwa imeshaanza kuingia. Shirika lilikuwa limefikiria hata kuagiza daraja la 61, kubwa zaidi ya lile la 59, lakini agizo halikutolewa, na kiwanda cha Gorton chenyewe kilifungwa mwaka 1966. Mwaka 1971, vichwa vya milima vikiwa bado vinafanya kazi, ilifunguliwa Nairobi nyumba ya makumbusho ya reli. Msimamizi wake wa kwanza alikuwa Fred Jordan, mtu aliyekuwa ameitumikia reli tangu mwaka 1927. Uamuzi wake wa kukusanya mapema ulikuwa na thamani kubwa. Makumbusho mengi ya reli duniani huanza baada ya vitu kuharibika, watu wakihangaika kutafuta mabaki kwenye vichaka. Jordan alianza wakati ambapo karakana ilikuwa jirani, mafundi wakiwa kazini na vipuri vikiwa ghalani.

Alikusanya pia vitu vidogo: vyombo vya mezani, sahani za majina, na lile behewa ambalo afisa wa polisi Charles Ryall alivutwa na simba usiku pale Kima mwaka 1900. Wageni wengi huenda kwa ajili ya simba. Kichwa namba 6006 hupitwa haraka, ingawa kina habari nzito zaidi kwa Mtanzania. Kinaitwa Sir Harold MacMichael, gavana wa Tanganyika kuanzia 1934 hadi 1938. Vichwa vyote vya daraja la 60 vilipewa majina ya magavana, na baada ya uhuru majina hayo yakang'olewa. Milima na makabila yaliachwa.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Miaka michache kabla, mashirika ya Jumuiya yalikuwa yamegawanywa makao: bandari Dar es Salaam, posta Kampala, reli Nairobi. Siku ya kugawana, kila nchi ilibaki na kilichokuwa ndani ya ardhi yake. Tanzania ikaanzisha Shirika lake la Reli, ikabaki na njia, na vichwa vilivyokuwa Tabora na Dar es Salaam, na madeni. Kumbukumbu za shirika zima, michoro ya karakana na jumba la makumbusho vikawa vya Kenya. Hakuna aliyeiba kitu. Ndivyo hesabu ilivyoangukia.

Injini za mvuke ziliendelea kufanya kazi za yadi Tanzania mpaka miaka ya 1980. Zilipozimwa ziliegeshwa pembeni, na pembeni ndiko zilikoliwa. Shaba huondoka kwanza, kisha vioo vya kupimia maji, kisha mabomba, mwisho mkataji anakuja na gesi. Kichwa kilichoachwa nje hufa kwa mpangilio unaojulikana, na kila hatua humfaidi mtu fulani kwa siku mbili tatu.

Hata Nairobi, kuwekwa makumbusho hakukuwa sawa na kuwa hai. Mwaka 1985 watu wa sinema walikwenda Kenya kutengeneza filamu ya Out of Africa. Walihitaji treni ya mvuke ya zama za mwandishi Karen Blixen, wakapewa kichwa cha makumbusho. Lakini wakati huo Kenya haikuwa na kichwa cha mvuke hata kimoja kinachoweza kutembea chenyewe. Ikabidi wachome raba na mafuta ili moshi utoke kwenye dohani, na kichwa cha dizeli, kilichofunikwa kifanane na behewa, kikasukuma kutoka nyuma. Ulimwengu mzima uliangalia treni ile ikikata mbuga ukaamini. Miaka mitano tu ilikuwa imepita tangu milima iache kuvuta mizigo Mombasa, na tayari ilibidi moshi uigizwe.

Kilichobadilisha hali hiyo ni kazi ya mikono. Gelai na Nyaturu vilifufuliwa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 vikawashwa tena na kuvuta treni maalumu za wageni. Makumbusho yameunganishwa na njia kuu kwa reli yake, kwa hiyo kichwa kikiwa tayari kinaweza kutoka chenyewe. Neno “kufufua” ni jepesi kulitamka, na afadhali nieleze kinachofanyika.

Kwanza ni boila. Daraja la 59 hufanya kazi kwa shinikizo la pauni 225 kwa kila inchi ya mraba, na boila ya ukubwa ule ikipasuka hubomoa kila kilicho karibu. Mafundi huifungua, huingia ndani, huipiga nyundo ndogo kwenye kila msumari unaoshikilia ukuta wa tanuri na kusikiliza mlio. Uliokatika hulia tofauti. Mabomba ya moto, ambayo ni mamia, hutolewa na kubadilishwa yaliyooza. Maji ya njia ya Mombasa huacha magadi na chokaa, na ukoko huo ukiachwa, chuma hukosa maji ya kukipooza na huanza kuvimba. Zamani boila ilioshwa kwa ratiba. Kichwa kilichosimama miaka 20 huwa na ukoko uliokauka kama saruji. Baada ya matengenezo boila hujazwa maji baridi na kusukumwa kwa pampu kupita shinikizo lake la kawaida. Maji yakivuja hayaui mtu. Hapo ndipo moto huruhusiwa.

Moto wenyewe hauharakishwi. Chuma kinene na chuma chembamba havipati joto kwa mwendo mmoja, na ukiwasha kwa pupa vinavutana mpaka viungo vinaanza kuvuja. Kutoka baridi hadi shinikizo kamili Garratt kubwa huhitaji nusu siku au zaidi, mtu akikaa nayo muda wote, akitazama kioo cha maji. Ndani ya dari ya tanuri kuna kizibo cha risasi. Maji yakishuka mno, risasi huyeyuka na mvuke huingia kuuzima moto kabla dari haijaporomoka. Mchochea moto akiyeyusha kizibo hicho alijua kesho yake ataitwa ofisini.

Halafu kuna magurudumu. Katika vichwa vingi vya mvuke ekseli hukaa kwenye beringi zilizopakwa metali laini nyeupe ambayo hutengenezwa kwa kuyeyushwa na kukwanguliwa kwa mkono hadi ikae sawasawa. Kichwa kikisimama muda mrefu mafuta hushuka chini, unyevu hupanda, na sehemu inayogusa ekseli huoza kwa mstari mmoja. Ndiyo sababu makumbusho yenye akili husogeza vichwa vyake mara kwa mara hata kama havijawashwa, hatua chache mbele, hatua chache nyuma, ili uzito usikae mahali pamoja.

Kusogeza kichwa kilichozimwa nako kuna taratibu zake. Kikiwa hakina mvuke, silinda hazipati mafuta, na pistoni ikivutwa mbele na nyuma ikiwa kavu huzikwangua. Kwa safari ndefu fimbo kubwa zinazounganisha pistoni na magurudumu hufunguliwa na kufungwa pembeni. Breki hukaguliwa. Beringi hujazwa mafuta, na mtu hutembea kando akizigusa kwa kiganja kila baada ya umbali fulani kujua kama zimepata moto. Mwendo ni wa taratibu. Kila daraja na kila kona ya njia ya zamani lazima vijulikane kabla, kwa sababu Garratt hii ina urefu wa zaidi ya mita 30 na uzito wa tani 21 kwa ekseli, na njia za yadi zilizochakaa hupanuka chini yake.

Mahali pasipo na reli, muundo wa Garratt unasaidia. Kwa kuwa umeshikana kwenye viungo viwili tu, hutenganishwa vipande vitatu: mtambo wa mbele, fremu yenye boila, mtambo wa nyuma. Fremu huinuliwa kwa jeki au kreni, mitambo huvutwa kutoka chini yake, na kila kipande hupanda trela lake. Hata zilipotoka Gorton zilisafirishwa kwa meli zikiwa vipande, zikaunganishwa karakana ya Nairobi.

Tanzania tunao mtambo mmoja wa kulinganisha nao, ulioponea njia hiyohiyo ya vipande. Ni meli ya Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa, ikafungwa ndani ya maelfu ya masanduku, ikapelekwa Dar es Salaam, kisha Kigoma kwa reli na kwa vichwa vya wapagazi, ikaunganishwa ufukweni na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe, na wahandisi waliopewa kazi hiyo walipaka mitambo grisi nene kabla ya kuizamisha. Ndiyo sababu ilipoopolewa mwaka 1924 iliweza kutengenezeka, na mwaka 1927 ikaanza kubeba abiria wa Ziwa Tanganyika. Katika miaka ya 1970 mitambo yake ya mvuke ilitolewa ikawekwa dizeli. Meli ikaokoka, ujuzi wa mvuke ukashuka pamoja na ile mitambo. Kwa abiria wa Kasanga na Kipili mabadiliko yale yalikuwa ya lazima, na siwezi kuyalaumu. Lakini naona tofauti: Nairobi walibaki na mtambo na wakatafuta watu wa kuuelewa, sisi tulibaki na chombo.

Sasa mpango wa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, kwa kupitia Songea, na matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga, upo mezani mwa serikali. Itakuwa ya kiwango cha kimataifa, milimita 1,435, kwa hiyo hata ikikamilika kesho Gelai hakiwezi kutembea juu yake. Kama kuna siku tutataka wanafunzi wa Ruvuma waone kichwa cha mvuke, kitakuja kwa trela, kwa vipande, na kitasimama juu ya mita chache za reli nyembamba zilizolazwa kwa ajili yake. Hilo linahitaji makubaliano ya nchi mbili na fedha nyingi, na sioni dhambi likichelewa.

Lisiloweza kuchelewa ni watu. Kijana wa miaka 20 aliyechochea moto Tabora mwaka 1975 leo amevuka miaka 70. Yule aliyelaza reli za shamba la mkonge Muheza, au aliyepakia magunia ya korosho Masasi kabla vyuma havijang'olewa, ni mzee kuliko huyo, na wengi wameshaondoka. Baadhi walirudi kijijini na mafao kidogo au bila mafao, na hakuna aliyewafuata na kinasa sauti. Mafundi wa Nairobi walipoifungua boila ya Gelai walikuwa na michoro, lakini mchoro hausemi msumari uliokatika unaliaje. Makumbusho ya Majimaji yameshajifunza kuwasikiliza wazee, kwa kuwa sehemu kubwa ya kinachojulikana kuhusu vita vile ilitoka vinywani mwa watu walioulizwa katika miaka ya 1960, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walisambazwa vijijini kukusanya masimulizi. Wazee wa reli wanaweza kuulizwa kwa njia ileile, kwa Kingoni, kwa Kimatengo, kwa Kiswahili: ulisafiri vipi hadi Tanga, nani alikufundisha kazi, mlibadilishana zamu wapi, uliungua wapi, kichwa kilikuwa na jina gani. Kazi hiyo inaweza kuanza Peramiho na Namtumbo mwaka huu, kabla mpimaji wa reli hajachomeka kigingi chake cha kwanza.